Mwalimu wa Mazoezi Asiyetokea na Yule Niliyempata Baada Yake: Uzoefu Wangu Mjini Kigoma

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watu wa Kigoma, hasa akina mama wa rika langu wanaofikiria kumlipa mwalimu binafsi wa mazoezi, kwa sababu mji wetu si Dar es Salaam ambako ukiachana na mmoja unamkuta mwingine mtaa wa pili. Hapa walimu wanaokubali kumfuata mtu nyumbani au uwanjani ni wa kuhesabu, na sifa zao husambaa kwa mdomo tu, nyingi zikiwa ni sifa za vifua na mikono yao wenyewe. Nimefundishwa na wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza sitamtaja jina wala mahali anapofanyia kazi, na wa pili sitamtaja pia, kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Nitaeleza tu namna nilivyompata.

Nina umri wa miaka arobaini na ushei, na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Daktari alikuta presha yangu imevuka 140 kwa 90 zaidi ya mara moja, akanianzishia dawa na kunitaka nifanye mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Sehemu ya kwanza ningeimudu peke yangu, maana anayepanda Barabara ya Lumumba kwa mguu kutoka stesheni kuelekea Mwanga hahitaji mashine ya kumtoa jasho. Mwalimu nilimhitaji kwa sehemu ya pili, ambayo mtu akiifanya vibaya huumia mgongo au goti.

Kijana niliyeanza naye anaijua kazi, na katika hilo sitamdhulumu. Siku alizotokea alifika na mikanda yake ya mpira, akanisalimia kwa adabu, akanipasha misuli moto kabla ya kuanza, na alikuwa mwepesi wa kuona kisigino kikinyanyuka wakati nachuchumaa. Tulikubaliana vipindi vitatu kwa wiki kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, zikilipwa mwanzoni mwa mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijaenda kazini.

Hiyo saa kumi na mbili inahitaji maelezo kwa wasioishi huku. Kigoma ipo magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatuchomozea zaidi ya nusu saa baada yao. Saa kumi na mbili ambayo mkazi wa Kinondoni anaiona ni alfajiri inayopambazuka, kwetu bado ni giza. Kumsubiri mwalimu uani saa hiyo, umevaa raba na mlango uko wazi, halafu saa moja kasoro simu ikatoa mlio, “Mama samahani, nimebanwa kidogo, nakuja jioni,” si jambo la kulipuuza, hasa pale jioni nayo inapoleta ujumbe mwingine kwamba pikipiki imeharibika. Simu iliishiwa chaji, mtoto wa dada aliugua, mvua ilinyesha upande wake tu. Nilimpa kila sababu nafasi yake, kwa kuwa mambo hayo humpata mtu yeyote. Kilichonichosha ni kwamba taarifa haikuwahi kuja kabla ya saa ya kipindi. Kila mara ilikuja baada yake, na mara nyingine haikuja kabisa mpaka nilipopiga mimi.

Watu wengi huhesabu hasara ya mwalimu wa namna hii kwa fedha, nami nilianza hivyo. Kwa karatasi, vipindi kumi na viwili kwa shilingi 100,000 ni kama shilingi 8,300 kwa kipindi, bei ambayo kwa mji wetu si mbaya. Ukigawa fedha hiyohiyo kwa vipindi vilivyofanyika kweli, katika mwezi ambao nusu yake iliyeyuka, bei inakuwa maradufu. Hata hivyo, fedha ilikuwa hasara ndogo. Mwili haujui udhuru: misuli huimarika kwa kuongezewa mzigo kidogo kidogo, kwa mpangilio, ikipewa siku ya kupumzika katikati, na mtu akikaa wiki mbili tatu bila kufanya lolote, pumzi hushuka hata kabla nguvu haijashuka. Mwalimu anayekuja leo na kupotea siku kumi anakuta mwili mwingine, na kama hana kumbukumbu ya maandishi hatatambua.

Yeye hakuwa nayo. Alikuwa akiniuliza mimi, “Mama, mara ya mwisho tulifikia ngapi?” kisha akaongeza juu ya idadi niliyomtajia. Baya zaidi lilikuwa lile alilokuwa akiliita fidia. Akirudi baada ya kupotea, alikuwa anaunganisha vipindi viwili kuwa kimoja ili, kwa maneno yake, asinidai wala nisimdai. Fidia ya mwisho ilikuwa ya kuchuchumaa na kupanda ngazi, na maumivu yake yalifika kilele siku ya pili, nikawa nashuka ngazi za ofisini kwa kurudi nyuma huku nimeshika ukuta. Maumivu ya misuli kwa siku mbili tatu baada ya kazi ngeni ni ya kawaida. Goti kuvimba si kawaida, na langu lilivimba. Nikirejea siku zile, naona pia kwamba hakuwahi kuniuliza kuhusu presha wala kunikataza kubana pumzi wakati wa kuinua uzito, jambo linaloipandisha presha ghafla na ambalo mwenye tatizo hilo anapaswa kuonywa nalo tangu siku ya kwanza.

Kulikuwa na mpango wa chakula pia, nao nautaja kwa sababu ulinionyesha kazi ya kulipua ilivyo. Alinitumia kwa simu ukurasa ulioandikwa niamke na uji wa oti na parachichi, mchana nile brokoli na samaki wa salmoni. Salmoni, Kigoma, mjini penye migebuka na dagaa wanaoanikwa Kibirizi! Mtu aliyeuandika ukurasa ule hakuwa amenifikiria mimi wala soko la Mwanga, na kijana wangu hakuwa ameusoma kabla ya kuutuma.

Tuliachana kwa maneno machache. Nilimwandikia kwamba vipindi vilivyobaki sivihitaji tena na nikaomba fedha ya vile ambavyo havikufanyika, akajibu kwamba muda wake alikuwa ameutenga kwa ajili yangu na kwamba vilivyopotea vingeingia mwezi unaofuata iwapo ningelipia mwezi huo. Nikapigwa danadana kidogo, nikaacha. Kwa kuwa hatukuwa na maandishi, sikuwa na pa kushikia, na sikuona sababu ya kuipeleka kwenye ofisi ya mtaa kesi ya fedha inayotosha gunia la mkaa na sukari ya mwezi.

Katika kumtafuta mwingine, sikuuliza tena nani ana mwili mzuri. Niliwauliza watu walio na mwalimu mmoja kwa zaidi ya mwaka, swali langu likiwa moja: asipoweza kuja, unajua saa ngapi? Swali hilo lilipunguza majina haraka kuliko nilivyotarajia. Waliobaki niliwaomba kipindi kimoja kimoja cha kulipia papo hapo, bila ahadi ya mwezi. Mmoja anafanyia kazi katika jimu yenye vyuma vingi vizuri. Ana maarifa, lakini alikuwa na watu wanne kwa wakati mmoja, na mimi niliyelipia usimamizi binafsi nilijikuta nasimamiwa na kioo. Mwingine alishika simu yake kipindi kizima, akihesabu “kumi na moja, kumi na mbili” huku macho yakiwa kwingine, na nilipoacha makusudi katikati aliendelea kuhesabu. Huyo sikuhitaji kumfikiria mara mbili.

Niliyemchagua ni mwanamke, mchezaji wa netiboli wa zamani, aliyesomea Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, kule Kwimba mkoani Mwanza. Cheti alinionyesha bila kuombwa, pamoja na kile cha huduma ya kwanza, na ninawashauri wengine wasione haya kuviomba. Kazi hii kwetu mtu yeyote mwenye mabega anaweza kujitangazia. Lakini hakunivutia kwa vyeti. Siku ya kwanza hatukufanya zoezi hata moja la maana. Aliniketisha kwenye kiti cha kawaida cha mbao, mikono nimeikunja kifuani, akanitaka ninyanyuke na kukaa kadiri niwezavyo kwa sekunde thelathini, akaandika idadi. Akanitembeza kwenye mwinuko mfupi huku akinisemesha kuhusu wanangu, nami nilidhani ni mazungumzo ya kawaida mpaka aliponieleza kwamba alikuwa anasikiliza pumzi: mtu akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, yuko kwenye mazoezi ya wastani, akishindwa kumaliza sentensi, amepita hapo.

Kisha akaomba kadi yangu ya kliniki na jina la dawa ninayotumia. Nilishangaa, nikamuuliza dawa inamhusu nini. Akasema zipo dawa za presha, atenololi ikiwa mojawapo, zinazozuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo ile kanuni ya kutoa umri kwenye 220 na kukimbiza mapigo yafike mahali fulani inaweza kumfanya mgonjwa ajisukume kupita kiasi huku saa ya mkononi ikimwonyesha bado yuko chini. Ndiyo maana yeye hutumia mazungumzo badala ya kanuni kwa watu wa aina yangu. Nilipomwuliza kuhusu chakula, alisema hilo si fani yake, akanielekeza nimwone afisa lishe hospitalini. Huko sikupewa salmoni. Nilishauriwa kupunguza chumvi, kupunguza mawese bila kuyasusia, kwa kuwa karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina isiyomfaa sana mtu mwenye moyo wa kuangaliwa, na kuendelea na dagaa wazima, wenye protini na kalsiamu ya mifupa yao.

Malipo yake ni shilingi 10,000 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki, nami humlipa Ijumaa kwa vipindi vilivyofanyika wiki hiyo. Makubaliano tuliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mazoezi, yeye akasaini, mimi nikasaini: anayeahirisha atoe taarifa usiku wa kuamkia siku ya kipindi, nikichelewa kuahirisha mimi, nalipa nusu, akichelewa yeye, kipindi kinachofuata ni bure. Daftari lenyewe ndilo ninalolithamini kuliko vyote. Kila kipindi kina tarehe, uzito, idadi, presha ya siku hiyo kwa kipimo changu cha mkononi, na neno moja au mawili juu ya goti. Nilipougua malaria na kupotea kwa muda, alilifungua, akatazama tulipoishia, akaturudisha nyuma hatua mbili badala ya kutafuta fidia.

Saa tulihamishia jioni, kuanzia saa kumi na moja na robo. Giza lilelile linalotuchelewesha asubuhi hutulipa jioni, kwani jua letu huzama karibu saa moja, upande wa milima ya Kongo ng’ambo ya ziwa, na mtu aliyetoka kazini anapata muda wa kutosha wa mwanga.

Si kwamba hakosi kuja. Amekwishaahirisha, na ataahirisha tena, kwa sababu ana familia na timu ya mabinti anayoifundisha. Tofauti ni kwamba ujumbe wake hufika usiku ukiwa na saa mbadala mbili za kuchagua, na sijapata kuvaa raba bure. Kasoro zake nazo zipo. Ni mkali, hacheki wakati wa kazi, na hataki kusikia habari ya kupunguza kitambi kwa mwezi mmoja; ukimwuliza hilo anakurudisha kwenye daftari. Hana vifaa zaidi ya mikanda, kamba na madumu ya lita tano yaliyojazwa maji, hivyo anayetaka kutunisha misuli kwa vyuma vizito aende jimu. Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba, tunalazimika kufanyia barazani kwangu, ambako sehemu ya kutembea inakuwa ni kupiga hatua papo hapo, zoezi ninalolichukia.

Goti limetulia. Presha iko chini ya 140 kwa vipimo vingi, ingawa dawa sijaacha na sitaacha bila kauli ya daktari, na mwalimu mwenyewe alikataa katakata kujisifia matokeo hayo. Kwa anayemhitaji mtu wa aina hii, njia rahisi ni kuuliza kwa walimu wa michezo wa shule na makocha wa netiboli, wengi wao wakiwa wamepitia Malya, kabla ya kuuliza kwenye majimu. Huyu wangu jioni zake zimejaa. Asubuhi anayo nafasi, lakini haanzi kabla ya saa moja.