Seti ya vipimo kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeanza: nunua, ila ikague geji kwanza

Kila wakiingia wapya swali ni lilelile, ninunue ile seti ya vipimo ya wanafunzi au nisubiri vya shule? Mi nasema nunua, lakini ujue unachonunua, maana kwenye kile kibegi cha zipu kuna vitu vitatu vya maana na vingine vya kujazia tu, na hicho cha maana kuliko vyote ndo kinaweza kukudanganya kama hujui kukikagua. Yangu nimeitumia tangu naanza mwaka wa kwanza, kwenye maabara ya mazoezi, bwenini kwa wenzangu, kila mahali. Ndani kuna stetoskopu, mashine ya presha ya kupampu kwa mkono yenye geji ya mshale, kipimajoto cha dijitali, oksimita ya kidole (ya kupima oksijeni kwenye damu), tochi ndogo, mkasi wa bandeji, saa ya kubandika kifuani na kijitabu cha namba za kawaida.

Stetoskopu ndo kila mtu anaifungua kwanza na kupigia picha. Kichwa chake kina pande mbili, upande mpana wa kusikilizia sauti za juu kama za mapafu na za tumbo, na upande mdogo wa kikombe kwa sauti nzito za chini kama baadhi ya sauti za moyo. Kitu ambacho kijitabu hakisemi kabisa ni kwamba upande mmoja tu ndo unakuwa wazi kwa wakati mmoja, unakizungusha kichwa mpaka unakisikia kinakaa, kwa hiyo ukiivaa ukakuta kimya usikimbilie kuandika kwamba umeuziwa mbovu, gonga taratibu kwa ncha ya kidole kila upande utajua upi uko wazi. Na vile vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua, ndo tundu la sikio lilivyokaa, ukivaa kinyume nusu ya sauti unaipoteza halafu unalaumu kiwanda. Vilivyokuja vimefungwa ni vya plastiki ngumu vinauma, ila wameweka jozi ya laini ya akiba, badilisha siku hiyohiyo. Mpira ni mgumu kidogo na ukigusa nguo unasikia mkwaruzo tu. Zaidi ya hapo sina neno, kwa anayeanza inatosha kabisa, zile za bei kubwa za wataalamu wa moyo subiri kwanza masikio yajue yanatafuta nini.

Sasa mashine ya presha. Hii ndo sababu yenyewe ya kununua seti hii na si ile nyingine yenye mashine ya dijitali ya kubonyeza kitufe. Najua ya dijitali inavutia, unafunga, unabonyeza, namba inakuja. Lakini ile haikufundishi chochote, na kwenye mtihani wa vitendo utapewa ya mkono na mwalimu amesimama pembeni na stetoskopu ya masikio mawili mawili anasikiliza unachosikia wewe. Hapo hakuna kukisia.

Kwa wasioijua, utaratibu wenyewe ni huu, na seti inakuruhusu kuurudia mpaka mikono izoee. Mtu akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, asiwe amebana mkojo, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, na msipige stori mnapopima, kuongea tu kunapandisha. Unatafuta mshipa kwa vidole upande wa ndani wa mkunjo wa kiwiko, unafunga kafu, ule mkanda unaojazwa hewa, ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo, ile alama ya mshale ikae juu ya mshipa. Halafu kabla hata hujavaa stetoskopu unashika mapigo ya mkononi, unapampu mpaka yapotee, unasoma hiyo namba, unaachia hewa yote, unasubiri kama dakika moja, ndo unapampu tena kupita hiyo namba kwa 30. Wengi hatua hii wanairuka wanaona inawachelewesha. Ila kuna wagonjwa, hasa wenye presha ya kupanda, sauti zinaanza, zinapotea katikati, zinarudi tena chini, sasa kama hukupampu vya kutosha unaingilia kwenye kile kimya cha katikati na unaandika presha ya kawaida kwa mtu ambaye iko juu sana. Mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi inasema yuko poa.

Kuachia hewa inatakiwa mshale ushuke 2 mpaka 3 kwa sekunde, na hapa ndo skrubu ya hii seti inapokera, mwanzoni inang'ang'ania halafu inaachia ghafla mshale unaporomoka kutoka 150 mpaka 110 hujasikia kitu. Dawa yake usiibane sana unapofunga, ifunge kwa vidole viwili tu, ukitumia nguvu ndo inagoma. Ikishalainika inatii. Sauti ya kwanza ya kugonga ndo presha ya juu, zikipotea kabisa ndo ya chini, ndivyo ilivyo tangu daktari wa upasuaji Mrusi, Nikolai Korotkoff, alipozieleza mwaka 1905. Utaona pia mshale unaanza kudunda kabla hujasikia chochote, usiusome huo mdundo, sikiliza.

Geji ina mistari ya kila 2, kwa hiyo hakuna 117 wala 83 hapa, ukimwona mtu kaandika hivyo kwa mashine ya mkono muulize aliisoma wapi. Na kinyume chake, daftari limejaa 120/80, 110/70, 130/80 tupu, huyo naye hasomi, anakadiria. Walimu wanalijua hilo, wanaangalia tarakimu ya mwisho tu.

Haya, tatizo lenyewe. Ya kwangu ilifika mshale haujalala kwenye sifuri, umelala juu yake mistari miwili hivi, kafu tupu, hewa yote imetoka. Muuzaji kumwambia akajibu eti itakaa sawa yenyewe nikianza kuitumia. Haikai sawa yenyewe jamani, geji iliyopotea imepotea, kila utakayempima umemwongezea. Nikakomaa naye mpaka akabadilisha, ya pili ikaja iko sawa, lakini je angekuwa mtu ambaye hajui aangalie nini? Kwa hiyo ukifungua kibegi, kabla ya kitu kingine chochote, iweke geji mezani kafu haina hewa, mshale uko kwenye sifuri au hauko? Haupo, rudisha. Na hata ukiwa kwenye sifuri bado si uthibitisho kamili, omba kwenye maabara yenu wailinganishe na mashine inayokaguliwa, namba chache za juu na chini, na baadaye ikiangushwa irudie tena. Hizi za mshale zinapoteza usahihi kwa kugongwa kuliko watu wanavyodhani, na tunazitupa kwenye mabegi pamoja na vitabu.

Shida ya pili, kafu ni moja tu, ya mkono wa mtu mzima wa kawaida, imeandikwa sentimita 22 mpaka 32. Mfuko wa hewa ulio ndani unatakiwa kuzunguka kama asilimia 80 ya mkono. Ukimfunga mtu mwenye mkono mnene kafu ndogo utapata presha ya uongo iliyo juu, ukimfunga mwembamba kafu kubwa utapata ya chini. Rafiki yangu mmoja ana mwili, bwenini kila aliyempima alimtangazia ugonjwa, binti wa watu akawa anatembea na wasiwasi, kupimwa na kafu kubwa kwenye maabara yuko sawa kabisa. Kafu ilikuwa inabanduka gundi yake tukipampu, hiyo peke yake ilitosha kuwaambia kwamba saizi siyo. Angalau watu wa kiwanda wamechapa mistari ya kuonyesha mwisho wa saizi, kama ukingo hauingii katikati ya hiyo mistari acha kupima.

Tukianza masomo tunafundishwa mchakato wa uuguzi, kukusanya taarifa za mgonjwa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini, na tunaukariri kama shairi. Nilivyoshika hii mashine ndo niliona kwa nini wanaanza na taarifa. Namba ikiwa ya uongo, hatua nne zilizobaki zote unazifanya vizuri sana juu ya uongo.

Oksimita. Inafanya kazi, kwa mtu mzima mwenye afya inaonyesha 95 mpaka 100, ila ndo kifaa ninachokiona kinatufanya wavivu. Kwa kuwa inaonyesha na mapigo, mtu hashiki tena mkono wa mgonjwa, anabandika kidoleni anaandika 88 anaondoka. Mapigo yenyewe yana nguvu au yanateleza? yanakwenda kwa mpangilio au yanaruka? ngozi ni baridi, ina jasho? Vyote hivyo unavipata kwa vidole vyako, cha shahada na cha kati, siyo dole gumba maana lina mapigo yake. Halafu kucha zikiwa na rangi, au vidole vya baridi, inayumba, na aliyevuta moshi wa moto inaweza kumsoma vizuri wakati hali ni mbaya, na kwa ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko hali halisi, jambo ambalo kijitabu hakijaligusa hata kwa mstari mmoja.

Kipimajoto kiko sawa, kinalia kikimaliza. Kwapani ncha ikae katikati kabisa ya kwapa na mkono ubanwe, mdomoni subiri angalau dakika 15 kama mtu katoka kunywa cha moto au cha baridi. Na uandike umepimia wapi, kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni.

Saa ya kifuani niliidharau, nikaona pambo. Sasa hivi ndo kitu siachi. Mikono chini ya kiwiko inatakiwa iwe mitupu ndo uweze kunawa vizuri, sekunde 40 mpaka 60 kwa maji na sabuni, 20 mpaka 30 kwa spiriti ya mikono, na saa ya mkononi inazuia. Hii imebandikwa kichwa chini miguu juu ili wewe ukiinamisha macho uione wima, ina mshale wa sekunde. Raha yake ni kwenye kuhesabu pumzi, unaendelea kushika mkono kama bado unahesabu mapigo, macho yanakwenda kifua, saa, kifua, na mgonjwa hajui. Ukimwambia nahesabu pumzi zako anabadilisha upumuaji papo hapo, hata wewe ungebadilisha. Hesabu dakika nzima, mtu mzima 12 mpaka 20. Watu wanaandika 18 kwa kila mgonjwa wodi nzima, mnajijua.

Tochi mwanga wake mweupe mkali mno kwa kuangalia mboni, ila ina vipimo vya milimita vimechapwa ubavuni, hilo wamefikiria. Mkasi mzuri, ncha ya chini butu haichomi ngozi. Kafu ni ya kitambaa, kuifuta haisafishiki inavyotakiwa, kwa hiyo iache kwa mazoezi ya wenyewe kwa wenyewe, usiibebe wodini kwa mgonjwa huyu na yule. Stetoskopu unaweza kwenda nayo, futa kwa spiriti ya asilimia 70 kila ukitoka kwa mgonjwa mmoja, kichwa na mpira wake.

Kijitabu ndo kimenichefua. Kina namba za mtu mzima tu na hakisemi kwamba ni za mtu mzima. Mapigo 60 mpaka 100, pumzi 12 mpaka 20, basi. Mwanafunzi akienda nacho wodi ya watoto akamkuta mchanga anapumua mara 40 kwa dakika ataita watu mbio, kumbe mtoto mchanga 30 mpaka 60 ni kawaida yake. Wala hakina neno kuhusu mikono isiyopimwa presha, wenye njia ya kusafishia damu kwa ajili ya figo, wenye dripu, waliofanyiwa upasuaji wa titi wakatolewa tezi za kwapa upande huo. Kurasa sita za picha za bidhaa zao nyingine lakini wameweka.

Nyota nne kati ya tano, moja wameipoteza kwa geji na kijitabu. Kama shule yenu inaruhusu kuazima vifaa jioni, bakini na hela zenu, nunueni saa ya kifuani peke yake. Kama hamruhusiwi, chukueni seti na kafu kubwa ya ziada, ila kabla ya kulipia hesabuni mirija inayotoka kwenye kafu mliyonayo, kuna za mrija mmoja na za miwili, na haziingiliani.