Imagio ya Seno Medical: ultrasaundi yenye leza, nimeikubali

Aisee hii mashine ya Imagio, ya wale Seno Medical wa San Antonio kule Texas, iko vizuri sana. Probu yake (kile kifaa cha mkononi kinachowekwa kwenye titi) inapiga leza ya aina mbili, zenye urefu wa mawimbi wa nanomita 757 na 1064, damu ikifyonza ule mwanga inatanuka kidogo sana na kutoa sauti, ultrasaundi inainasa, basi daktari anaona uvimbe wa titi pamoja na mishipa inayoulisha, damu yenye oksijeni inaonekana kijani, iliyopungukiwa oksijeni inaonekana nyekundu. Hakuna eksirei wala sindano ya dawa! Miwani ya kukinga macho lazima lakini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliipitisha 2021. Ila haichukui nafasi ya mamogramu (eksirei ya matiti) jamani, inasaidia kuamua kama uvimbe wenye utata ufanyiwe bayopsi, yaani kutolewa kipande kidogo kipimwe maabara, au la, na kwa mama anayesubiri majibu hilo ni kubwa mno.