Hill House, Helensburgh: nyumba ya Mackintosh ndani ya wavu wa chuma

Charles Rennie Mackintosh (1868–1928) anajulikana zaidi kwa usanifu majengo, lakini Hill House, nyumba aliyoibuni Helensburgh, Scotland (1902–1904), inaonyesha mkono wa mchora mabango. Bango lake la The Scottish Musical Review la 1896, lenye urefu wa karibu mita 2.5, ni umbo moja jembamba lililonyooka kwenda juu. Katika chumba kikuu cha kulala cha nyumba hii kuna kiti cheusi chenye mgongo kama ngazi, sentimita 141, kimesimama mbele ya ukuta mweupe kama mstari wa wino. Si kiti cha kukalia. Kitazame ukiwa mlangoni.

Sebuleni anza na mawaridi yaliyopigwa chapa ukutani, kisha picha ya plasta juu ya meko, kazi ya mkewe Margaret Macdonald ya 1908. Wageni wengi huipita haraka, na ni hasara kubwa.

Ugonjwa wa nyumba uko nje. Mackintosh alitaka kuta ziwe bapa kama karatasi, paa lisichomoze kuzikinga, kisha zikapigwa lipu ya saruji ya Portland badala ya chokaa. Saruji hupata nyufa nyembamba, na mvua za magharibi mwa Scotland huzipenya. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji huyafungia maji ndani, na kuta zimelowa kwa zaidi ya miaka 100.

Ndiyo maana tangu 2019 nyumba nzima imefunikwa kwa banda la wavu wa vikuku vya chuma kisichoshika kutu, karibu milioni 32. Wavu huzuia sehemu kubwa ya mvua na kuruhusu upepo uzikaushe kuta. Kasoro yake: picha safi ya nyumba kutoka bustanini huipati. Faida yake ni njia za juu, zinazokufikisha usawa wa paa na mabomba ya moshi. Zipande kabla ya kuingia ndani; utaona mwenyewe maji yanapoanzia.

Treni za Glasgow Queen Street hufika Helensburgh Central, kisha ni kilomita 2 na ushei za kupanda kilima. Helensburgh Upper ni karibu zaidi, ila treni zake ni chache. Hakikisha siku za kufunguliwa kwa National Trust for Scotland, shirika linaloitunza nyumba.

Unayetafuta picha za Mackintosh za rangi za maji za Port-Vendres, Ufaransa, alizochora miaka ya 1923–1927 baada ya kuacha ujenzi, usizitafute hapa. Tenga siku nyingine kwa jumba la Hunterian, Chuo Kikuu cha Glasgow.