Kinyozi wa Magomeni aliyekataa kuninyoa

Nafanya kazi mapokezi ya hoteli moja mjini, na sheria yetu ni kidevu safi kila zamu. Miaka minne nimeitii sheria hiyo kwa maumivu. Nikinyoa alfajiri, jioni shingo inawasha. Keshoye vipele vimesimama, vingine vina usaha, na kola ya shati jeupe ina vitone vya damu. Jasho la Dar likipita hapo, unahisi kama umepakwa pilipili.

Nimezunguka sana. Saluni moja yenye vioo na kiyoyozi walinikwangua mpaka ngozi, wakanimwagia spiriti, kisha nikasuguliwa skrabu yenye chembechembe juu ya vipele vilivyo wazi. Nililipa elfu kumi na tano, na siku mbili zilizofuata wageni walikuwa wakinitazama shingo kabla ya kunitazama usoni. Nikahamia ile poda ya kukoroga na maji, inayonuka kama yai viza. Nywele zilitoka bila wembe, lakini siku niliyopitiliza muda ngozi ilibabuka. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa tyubu niliyonunua duka la dawa kwa kuambiwa na rafiki. Vipele vilinywea ndani ya wiki, nikafurahi, nikaipaka miezi mitano. Ngozi ikawa nyembamba na nyeupe kwa mabaka, na nilipoacha, vipele vikarudi kwa fujo. Daktari wa ngozi alisoma maandishi ya tyubu akasema hiyo ni steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe, si ya kupaka usoni muda wote ule. Nawasihi wenye tyubu kama hiyo kabatini waionyeshe kwa daktari kabla hawajaendelea.

Daktari huyo ndiye aliyenifahamisha kwamba zangu si chunusi. Ugonjwa unaitwa pseudofolliculitis barbae, na sisi wenye nywele za kujiviringa unatupata zaidi. Nywele ikikatwa chini sana hubaki na ncha kali. Ikianza kuota, inapinda na kurudi kuichoma ngozi, au inachomea humohumo ndani kabla haijatokeza, na mwili unapambana nayo kama mwiba. Viwembe vyenye makali mawili, matatu, hadi matano vinazidisha tatizo: kali la kwanza linauvuta unywele, linalofuata linaukata, na kisiki kinazama chini ya ngozi. Nilikuwa nanunua hivyohivyo, vya bei, nikiamini najitunza.

Aliyenipeleka kwa mzee huyu, kinyozi wa Magomeni, ni mlinzi wetu wa lango la nyuma. Unashuka basi la mwendokasi kituo cha Magomeni Mapipa, unaingia mitaa ya ndani, dakika tano kwa mguu. Ni fremu moja, viti viwili, pazia la kitenge mlangoni.

Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akanikalisha. Hakushika wembe. Alinigeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba shingoni taratibu kama anayesoma.

"Leo sikunyoi, mwanangu."

"Mzee, kesho nina zamu."

"Hiki ni kidonda. Nikipitisha wembe hapa nakata vipele, sikati ndevu."

Akachukua mashine, akapunguza ndevu akiacha kama milimita moja, akachukua elfu mbili tu na kuniambia nirudi baada ya wiki tatu. Ilibidi nipeleke kazini barua ya daktari ili niruhusiwe. Tangu nianze kunyolewa na watu, hakuna kinyozi aliyewahi kukataa pesa yangu kwa ajili ya ngozi yangu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Niliporudi vipele vingi vilikuwa vimelala. Kuna unywele mmoja ulijipinda chini ya taya, pande zote mbili umezama kama kishikio cha kikombe. Alifungua sindano mpya, akaunyanyua mpaka ncha ikatoka, akauacha hapo. Nikamwomba aung'oe kabisa. Akakataa: ukiung'oa unaota upya kutoka ndani na unaweza kupotea njia tena.

Kisha kazi yenyewe. Maji ya moto yanatoka kwenye chupa ya chai, anachovya taulo, anakamua, anakufunika nalo mpaka ndevu zilainike. Povu la sabuni isiyo na manukato analipiga kwenye bakuli kwa brashi. Kabla ya kulipaka anakupapasa kutafuta mlalo wa nywele. Zangu za mashavuni zinashuka, lakini za shingoni upande wa kushoto zinalala kuelekea sikio. Miaka yote nilikuwa nazipandisha wembe kutoka chini, kinyume kabisa, na hapo ndipo vipele vilipokuwa vimejaa.

Wembe anautoa kwenye pakiti mbele yako, anauvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu anaiingiza kwenye mpini. Wa mtu mmoja tu, ukitoka unatupwa. Kwa habari za homa ya ini na Ukimwi, hilo kwangu halina mjadala. Anakwenda na mlalo, mikato mifupi, anasuuza kila mara, haivuti ngozi, na hapiti mara mbili mahali pamoja. Nilipojipapasa nikasikia bado kunakwaruza kidogo, nikamwambia.

"Pabaki hivyohivyo. Kidevu kikiteleza kama sahani, ujue nywele zimeshazama."

Anamalizia kwa maji baridi, kisha shabu iliyoloweshwa, inayobana na kuzuia damu palipokwaruzika. Spiriti hagusi. Shabu inauma kidogo, inaisha.

Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kwenda kwake. Nakwenda kila Alhamisi, na siku nyingine napunguza nyumbani kwa mashine niliyoiweka milimita moja. Msimamizi wangu amekubali, kwa sababu kwa hatua mbili mgeni haoni tofauti. Shingo haiwashi tena. Bado kinatoka kipele kimoja au viwili nikikosea, na madoa meusi ya zamani yanafifia polepole mno. Kola haina damu, na kwangu hilo ni kubwa.

Kasoro zipo. Brashi ni moja kwa wateja wote. Anaisuuza kwa maji ya moto, lakini mimi nimenunua yangu. Shabu nayo ni kipande kimoja kinachopita nyuso za watu, na hilo silikubali hata kidogo. Nilimweleza kwa adabu, akasikiliza, akasema atalifikiria. Kipande bado kipo kwenye kisosi chake. Changu nimekinunua Kariakoo kwa elfu moja na nakibeba kwenye kimfuko. Taulo ni safi, nimeona zikianikwa. Feni hakuna. Ijumaa kabla ya swala usijaribu, foleni inafika nje, na yeye hafanyi haraka kwa ajili ya mtu yeyote.

Kunyolewa ni elfu tano, na analipwa taslimu tu. Fika Alhamisi saa mbili asubuhi, ukiwa umeoga na hujajigusa kidevu kwa siku mbili, maana bila nywele kuchomoza kidogo hawezi kuuona mlalo wake na atakurudisha nyumbani.