Mbuga kwanza au mlima kwanza? Nimejaribu zote mbili

Kikohozi kilinianza Tarangire, siku ya kwanza mbugani, nikakipuuza. Siku ya sita tumekaa chini ya Lava Tower, mwamba mkubwa kwenye mlima Kilimanjaro, mita kama 4,600 juu ya bahari, tunakunywa supu, kiongozi wetu wa mlima akaweka kikombe chake chini akanisogelea.

"Mama, hicho kikohozi ni cha lini?"

Nikamwambia ni vumbi tu la mbugani. Hakucheka. Akaniambia nigeuke, akanibandika sikio mgongoni juu ya jaketi, "vuta pumzi, tena, tena," kisha akanibana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni. Mambo yalikuwa sawa, lakini kuanzia hapo mtu yule hakuniondolea macho. Alinieleza baadaye, tukishuka kuelekea kambi ya Barranco, kwamba kule juu kikohozi si kitu cha kupuuza, kwa sababu mapafu yanayojaa maji nayo huanza kwa kukohoa. Mtu akija tayari anakohoa kwa vumbi, yeye kiongozi anakuwa kama dereva ambaye taa ya hatari imewaka tangu gereji: hajui aiamini au aipuuze.

Naandika haya kwa sababu kila anayejua nimeupanda Kilimanjaro ananiuliza swali lile lile: nianze na wanyama au nianze na mlima? Wengi hujibiwa na muuza vifurushi vya safari, na muuza vifurushi hujibu kulingana na gari lililo wazi wiki hiyo.

Mara ya kwanza ilikuwa Septemba 2022. Mimi natoka Tanga, naishi Dar. Wifi yangu anaishi Muscat, akaja likizo na wazo kwamba lazima tupande. Tukanunua kifurushi cha siku tisa: tatu za mbugani, sita za mlimani kwa njia ya Machame. Kampuni siitaji, maana dereva, wapishi na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walikuwa watu safi kabisa. Kosa lilikuwa la mpangaji ofisini. Yule kijana alituambia kwa uhakika mkubwa kwamba tukianza na Karatu na Ngorongoro miili yetu itaanza kuzoea hewa ya juu. Tukamwamini.

Hebu tuhesabu. Tarangire iko kama mita 1,100 juu ya bahari. Karatu, tulikolala usiku wa pili, ni kama 1,500. Ukingo wa Ngorongoro ni kama 2,300, lakini sisi tuliupita tu kwenda chini, kwenye sakafu ya kreta ya mita kama 1,800. Mwili hauzoei mahali ulipopita kwa gari, unazoea mahali ulipolala, na hata hapo shughuli yenyewe huanza unapovuka mita 2,500 hivi. Kwa sisi tuliolala Karatu, ni sawa na kulala Lushoto na kidogo juu yake. Nina ndugu wengi Lushoto na sijamsikia hata mmoja akijisifu kwamba yuko tayari kwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Mbuga zenyewe sina neno baya nazo, isipokuwa mbung'o. Septemba Tarangire ni kavu, tembo wanafuata mto, na utawaona makundi kwa makundi, wekundu kwa udongo. Tulisimama kwenye mbuyu mmoja ambao tembo wameuchokonoa kwa pembe mpaka umebaki na tundu mtu angeweza kujificha. Dereva akazima gari, tukawa tunasikia tembo mama mmoja akivunja matawi, kha, kha, kama mtu anayepasua kuni za jioni.

Sasa mbung'o. Njiani utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimening'inizwa mitini. Ni mitego iliyotiwa dawa, kwa sababu wadudu hao wanaipenda bluu. Wifi yangu alikuwa amevaa jinzi ya bluu iliyokolea. Dereva, mzee mwenye adabu zake, alimtazama asubuhi akasema tu, "Dada, una suruali nyingine?" Hakuwa nayo karibu. Kufika saa sita mchana tumefunga madirisha yote, joto linatuchemsha, tunapigana na mbung'o kwa kofia. Tukifungua, mbung'o, tukipishana na gari jingine, vumbi. Hapo ndipo koo langu lilipoanza kuwasha.

Ngorongoro tulimwona faru kwa mbali, alama nyeusi tu kwenye majani, na dereva akaapa ni faru. Chakula cha mchana tulikula kando ya bwawa la Ngoitokitok. Tuliambiwa tule ndani ya gari kwa sababu ya mwewe. Mimi nikajiona mjanja, nikashuka na paja la kuku mkononi. Sikumwona akija. Nilisikia upepo shingoni, na kuku akawa hayupo. Kiboko wote walikuwa wametulia, aliyefanya fujo siku ile ni mwewe na wifi yangu aliyekuwa anacheka.

Kisha likaja jambo ambalo kwenye karatasi halikuonekana. Kutoka kreta mpaka Moshi ni safari ya nusu siku nzima: unapanda ukingo, unateremka Karatu, Mto wa Mbu, Makuyuni, Arusha na foleni zake, halafu kilomita 80 nyingine. Tulifika saa nne usiku. Hapo ndipo tukaanza kukagua vifaa, mabegi ya kulalia ya kukodi yametandazwa sakafuni hotelini, wifi anajaribu jaketi la tatu, mimi natafuta soksi. Nililala saa saba. Asubuhi saa mbili tuko ndani ya gari kuelekea geti la Machame, mtu ana vumbi puani na usingizi wa saa tano.

Na pesa. Hili hakuna anayekuambia. Bahasha ya bakshishi za mlimani niliitenga Dar. Pale Mto wa Mbu kuna ndizi nyekundu, kuna vinyago, kuna akina mama wa vikapu wenye maneno matamu. Nikawa nachota kidogo kidogo, "nitarudishia Moshi". Moshi tumefika usiku. Getini nilipoona wagumu wanapanga foleni kupimiwa mizigo kwenye mizani, kilo 20 kila mmoja, nikaingiwa na aibu. Wifi ndiye aliyeniokoa kwa riyali zake.

Mlima sitausimulia wote. Siku mbili za mwanzo nilikuwa sawa, msitu na mbega, kisha mawe ya Shira. Baada ya Lava Tower mnashuka kama mita 600 kulala Barranco, ndiyo ile panda juu lala chini inayosaidia kweli, na asubuhi yake mnaukwea ukuta wa mwamba kwa mikono na miguu. Usiku wa kileleni tulitoka kambi ya Barafu saa sita kasoro. Nikikohoa nasimama, nikisimama baridi inaingia, nikianza tena nakohoa. Baada ya saa tatu hivi kiongozi akaja kunimulika usoni, akasema taratibu, "Mama, mlima hauhami." Msaidizi wake akanishusha. Wifi akaendelea akafika Uhuru, mita 5,895, saa moja asubuhi, na ananikumbusha kila Idi.

Sisemi vumbi peke yake ndilo lililonirudisha. Siku sita ni chache, na mazoezi yangu yalikuwa ngazi za ofisini. Lakini nilianza kupanda nikiwa nimeshatumia kitu ambacho nilikihitaji juu, na nilikitumia nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mara ya pili, Februari 2024, nikaenda na mdogo wangu wa kiume. Safari hii tuligeuza: mlima kwa njia ya Lemosho siku nane kwanza, siku moja ya kulala tu Moshi, kisha Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, siku tatu kuwaona nyumbu wanaozaa. Siku mbili zaidi mlimani zilinigharimu, na kama ungeniuliza ni fedha gani katika safari zote mbili imefanya kazi yake, ningekuonyesha hizo. Nilifika Uhuru. Nililia kidogo, machozi yakawa baridi, nikaacha.

Ila msidhani mbuga baada ya mlima ni starehe tupu kama wanavyouza. Siku ya kilele unashuka kutoka 5,895 mpaka kambi ya Mweka, kwenye mita kama 3,100, na magoti ndiyo yanayolipa. Kucha ya kidole gumba cha kulia ilikuwa nyeusi. Siku ile ya Moshi tulioga mara mbili na maji bado yakatoka ya kahawia. Bila siku hiyo nisingeweza hata kuingia kwenye Landikruza, na hata nayo niliingia kwa kuvutwa. Wengine wote wanasimama juu ya viti, vichwa nje ya paa, mimi nimenyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma.

Na usingizi! Ndutu nyumbu wamejaa mpaka upeo wa macho, ndama wanajifunza kusimama mbele yako, na mimi nasinzia. Duma alimkamata ndama mita kama hamsini kutoka garini, mdogo wangu ananitikisa, "Dada! Dada!" Nilipofungua macho duma ameshalala chini anahema. Mwanzo wote niliukuta kwenye simu ya dereva. Kwa hiyo ukinipa Tarangire na vumbi lake ile ya kwanza, nikiwa macho, na Ndutu nikiwa mgonjwa wa usingizi, kwa upande wa wanyama peke yao mbuga kwanza ilishinda.

Ndiyo maana jibu langu linategemea anayeuliza. Unayetoka Dar, Nairobi, Kampala au hata Muscat, ambako saa zinapishana na zetu kwa moja tu, huna uchovu wa majira wa kuuondoa: panda kwanza, pumzika siku nzima, ndipo uende mbugani. Na mbuga iwe ya karibu. Usijitese mpaka kaskazini ya Serengeti na magoti yale. Unayetoka Marekani kesi yako ni nyingine. Saa nane mchana mwili wako unadhani bado ni alfajiri, na begi lako la viatu huenda limebaki uwanja wa ndege wa njiani. Siku mbili tatu za mbugani zinalipatia begi muda wa kufika na wewe muda wa kulala. Anza na wanyama, lakini funga pua na mdomo kwa kitambaa, lala ukingoni Ngorongoro badala ya Karatu hata kama baridi yake inauma, na ukiona kwenye ratiba kreta asubuhi na geti la mlima kesho yake, kataa hapo hapo ofisini, hata kama wataitoza siku ya mapumziko kwa bei ya hoteli. Pesa za bakshishi zifungie kwenye bahasha, mpe mwenzako asiyependa vikapu.

Kuna njia ya tatu ambayo ofisi ile haikutuambia, pengine kwa sababu haina gari la kuuza: Meru. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500, uko ndani ya Hifadhi ya Arusha, na siku ya kwanza unatembea kwa miguu kati ya twiga na nyati ukisindikizwa na askari mwenye bunduki. Unalala kambi ya Miriakamba, mita kama 2,500, kisha kambi ya Saddle, kama 3,570. Hapo wanyama umewaona, na hewa ya juu umeilalia kweli, si kuipita na gari. Rafiki yangu alifanya hivyo wiki moja kabla ya Kilimanjaro, akapumzika siku mbili, na anasema Lava Tower aliipita akipiga soga. Mimi sijaujaribu, ila mguu wangu umeshaanza kuuwaza.

Wifi amepiga simu juzi. Anataka turudi mwakani, yeye anasema tuanze Tarangire tena kwa sababu "mara ile ilinifaa". Nikamwambia Meru. Tumebishana mpaka kadi ya simu ikaisha. Mwisho nimemtumia ujumbe kwamba hata Tarangire nitakubali, iwe baada ya mlima, na ile jinzi aiache Muscat.