Sabuni ya Aleppo: kata mche kwanza ndo uisifie

Naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeinyima sababu ya harufu. Ni harufu ya mafuta na majani ya laureli (mti wa majani ya bay) basi, wanaopenda kunukia maua watalalamika.

Sasa kuhusu feki, maana zimejaa. Watu wakiona kijani tu wanasema ndo yenyewe, wapi! Ile halisi ya Aleppo kule Syria kwa nje ni ya njano inayoelekea kahawia, kijani iko ndani. Wanachemsha mafuta ya zeituni na kostiki soda kama siku tatu hivi, mwishoni ndo wanatia mafuta ya laureli, rojo lote linamwagwa sakafuni, likiganda linakatwa na kugongwa muhuri kwa mkono alafu vipande vinapangwa kwa kuachiana nafasi hewa ipite, hapo vinakaa miezi sita mpaka tisa na ndo nje kunabadilika rangi. Kwahiyo chukua kisu ukate katikati, ukikuta kijani kileile kuanzia nje mpaka ndani basi aidha haijakaa muda wake au kuna rangi imetiwa. Yangu nimekata, ndani kijani kizuri kabisa.

Ila kipimo hiki cha kisu usikitumie kwa sabuni ya Nablus ya Palestina, ile ni nyeupe na haina laureli kabisa na ni halisi vilevile (UNESCO waliziorodhesha zote mbili 2024 kwenye urithi wa utamaduni). Muhuri nao usikubabaishe, yeyote anachonga. Hata ile 72% inayogongwa kwenye sabuni za Marseille, Ufaransa, inakwambia kiasi cha mafuta tu, sio kwamba ni zeituni, unaweza kukuta ni mawese na nazi tupu.

Lebo ndo haidanganyi sana. Tafuta sodium olivate (ndo mafuta ya zeituni) iwe ya kwanza, ikianza sodium palmate au sodium tallowate hayo ni mawese na mafuta ya mnyama, ukiona parfum au CI ikifuatiwa na namba ujue marashi na rangi vimo. Na kuna wanaoandika pH (kipimo cha asidi na alikali) 5.5 😂 jamani sabuni ya kuchemsha ni ya alikali, 9 kwenda juu, hiyo 5.5 waachie wenye sabuni za maabara. Pia laureli ndo mafuta ghali humo, kwahiyo anayekuuzia ya asilimia 40 kwa bei ya ile ya asilimia 5 muulize vizuri.

Povu lake dogo dogo, zito kama maziwa, ngozi haibani sana ukimaliza kuoga. Kwa nywele mimi sijaipenda, maji yakiwa ya chumvi inaacha utando mpaka usuuze na siki kidogo. Na iwekeni kwenye kisahani chenye matundu, ikilala kwenye maji inageuka ute na mche unaisha haraka sana.