Stika, sumaku au kurapu gari zima? Nini ununue kwanza kutangaza biashara ya usafi

Ukiwa na biashara ya usafi, gari ndo duka lako. Wateja wengi hawatakanyaga ofisini kwako hata siku moja, wewe ndo unawafuata kwao na ndoo zako na mopu zako, kwa hiyo kitu cha kwanza wanachokiona, wao na majirani zao, ni gari lililopaki getini. Na bado naona watu wanatoa hela nyingi kurapu gari zima, yaani kulifunika lote kwa stika, picha za mapovu ya sabuni toka boneti mpaka bampa ya nyuma, afu namba ya simu imeandikwa vidogo vidogo chini ya mlango. Inauma kwa kweli. Hapa nimepanga kwa mtazamo wangu kitu cha kununua kwanza mpaka kile kinachoweza kusubiri, na kipimo changu ni kimoja tu: mtu anayepita ataelewa unafanya nini na atakupataje?

Tuanze na maneno, maana stika ya bei mbaya yenye maneno mabaya ni hasara tupu. Gari likiwa spidi ya kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo aliyesimama pembeni ya barabara ana sekunde mbili tatu tu kabla hujampita. Humo anasoma vitu vitatu basi: kazi unayofanya, jina, namba. Kama jina la biashara halitaji usafi popote, neno USAFI liwe kubwa kuliko jina lenyewe, hata kama jina unalipenda kiasi gani. Ile orodha ndefu ya mazulia, makochi, madirisha, matanki, magodoro, itoe kwenye gari, ipeleke kwenye tovuti au kwenye vipeperushi. Barua pepe nayo itoe.

Ukubwa wa herufi una kanuni ya mafundi wa mabango ambayo inasaidia sana: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi zinasomeka vizuri kwa umbali wa kama mita 3. Sasa pigia hesabu. Mtu wa gari la nyuma kwenye foleni yuko mita 6 mpaka 9 hivi, herufi za sentimita 7 au 8 zinamtosha. Wa ng'ambo ya barabara, mita 30, anahitaji herufi za sentimita 25, na hapo ndo unaona kwa nini maneno mengi hayawezekani. Rangi zipishane, giza juu ya mwanga au mwanga juu ya giza, mfano bluu iliyokolea juu ya gari jeupe. Bluu mpauko juu ya kijivu inapendeza kwenye skrini ya kompyuta ila barabarani haionekani. Na herufi za mikunjo mikunjo waachie wa kadi za harusi.

Namba 1: herufi za kukata, na uanze na nyuma ya gari

Kama una hela ya kitu kimoja tu nunua hiki. Mashine inakata herufi kwenye rola la stika ya rangi moja, fundi anatoa mabaki, anazihamishia kwenye gari kwa karatasi ya gundi, imeisha. Hakuna kuprinti, rangi iko ndani ya plastiki yenyewe, ndo maana herufi za hivi zinakaa na jua miaka bila kupauka haraka kama picha iliyoprintiwa. Mlango ukigongwa unabadilisha herufi za mlango huo tu.

Kwa nini nyuma? Kwa sababu ubavu wa gari watu wanauona ukipita, ila nyuma wanakaa nayo. Kwenye foleni, kwenye taa nyekundu, mtu hana kwingine pa kuangalia, anaweza kuisoma namba yako mara mbili akaiingiza kwenye simu ya aliyekaa naye pembeni. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote iwe nyuma, imegawanywa tatu tatu isomeke kama mtu anavyoitamka. Kama buti yako inafunguka kwenda juu jua kabisa ukiwa kazini unashusha vifaa hayo maandishi hayaonekani, so ubavuni nako weka kazi na namba, hata bila logo.

Hapa ulizia aina ya stika bila aibu. Kuna inayotengenezwa kwa kumwaga plastiki ya majimaji ikakauka yenyewe, mafundi wanaiita kasti, nyembamba sana, kama maikroni 50 (milimita 0.05), inalala vizuri kwenye mikunjo ya bodi na haina tabia ya kusinyaa. Na kuna iliyokandamizwa kwenye rola za moto, nene kidogo, bei nafuu, ambayo kwa vile ilivutwa wakati wa kutengenezwa inataka kurudi ilikotoka, ndo ile unaona baada ya muda herufi zina mstari mweusi wa gundi pembeni. Kwenye sehemu bapa ya vani ile nafuu inafaa tu, usidanganywe kulipia zaidi. Kwenye mikunjo dai kasti. Mfano stika za chapa ya Oracal, 651 ni ya kukandamizwa na 751 ni kasti, fundi akikwambia zote ni sawa, tafuta fundi mwingine.

Kioo cha nyuma kinaweza kuvaa stika ya matundu, ile ambayo nje inaonekana picha na ndani dereva anaona barabara. Nzuri, ila ikilowa mvua matundu yanajaa maji na dereva haoni vizuri, kwa hiyo hakikisha vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma viko safi na sheria za huko uliko zinaruhusu. Vioo vya mbele usiguse.

Namba 2: kibao kidogo cha kusimika penye kazi

Najua wengi wangeweka kitu kingine hapa. Ila fikiria, uko kwenye nyumba ya mtu kwa masaa matatu manne, majirani wanapita, na gari huenda liko ndani ya geti halionekani kabisa. Kibao cha plastiki nyepesi yenye mifereji ndani, unene wa milimita 4, sentimita 60 kwa 45 hivi, kinasimikwa kwa vyuma viwili na mvua haikiharibu. Andika pande zote mbili. Msomaji wa hapa anatembea kwa miguu, kwa hiyo hapa ndo pa kuweka ile QR code, alama ya mraba ya kuskani kwa simu, ambayo kwenye gari linalotembea haina kazi yoyote. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kila mara, wapo wasiotaka watu wajue nani anaingia kwao, na ukimaliza kazi ondoka nacho. Kwenye njia ya umma usisimike bila kibali.

Namba 3: sumaku za mlangoni

Hizi ni shiti za sumaku zenye tangazo lako, za yule anayetumia gari la familia, au gari la kukodi, au wafanyakazi wanaokuja na magari yao. Unabandika asubuhi unatoa jioni. Kabla hujalipa chukua sumaku yoyote ndogo ujaribu kwenye mlango, kwa sababu magari mengi siku hizi yana sehemu za aluminiamu au plastiki na haishiki ng'o. Chukua unene wa kama milimita 0.8, nyembamba zaidi ya hapo upepo wa barabara kuu unaing'oa, na kona ziwe za duara maana kona kali ndo inaanza kuinuka.

Kinachoua sumaku ni uvivu. Vumbi na maji vinaingia nyuma yake, ukiiacha wiki kadhaa bila kuitoa rangi ya gari inakwaruzika, au inabaki alama ya mraba ambapo pembeni pamepauka na chini hapajapauka. Itoe, futa mlango, futa mgongo wa sumaku, kausha vyote ndo urudishe. Usiikunje, ilaze bapa. Gari likipigwa rangi mpya subiri rangi ikomae kabisa kwanza.

Namba 4: kurapu nusu

Hii ni kwa aliyekwisha kupata wateja anataka kuonekana mkubwa kidogo. Unafunika nyuma na robo tatu ya ubavu, rangi ya gari yenyewe inatumika kama sehemu ya dizaini. Kwa sababu ni ya kuprinti, lazima juu iwe na laminesheni, plastiki angavu ya kuzuia jua na mikwaruzo, na wino ukaushwe vizuri kabla ya kulaminetiwa, kawaida angalau siku nzima, fundi anayekuahidi kuprinti na kubandika siku hiyo hiyo kwa wino wa solventi (wenye kemikali inayotakiwa kuvukia kwanza) anakuharakisha kwa hasara yako. Dai uone dizaini juu ya picha ya gari lako hilo hilo lenye vitasa vyake na kifuniko cha mafuta, ili namba isikatwe na kitasa. Kama una vani ya mlango wa kuslaidi uliza pia mlango ukifunguka neno linakuwaje, maana nusu ya neno inaenda kujificha nyuma ya nusu nyingine na kinachobaki kinaweza kusomeka vibaya.

Namba 5: kurapu gari zima

Inavutia, sikatai, na inalinda rangi. Ila kwa biashara ndogo ya usafi naiweka mwisho. Bei yake ni kubwa mara nyingi ya herufi, paa na boneti vinapigwa na jua vinachoka mapema kuliko ubavu, na ukiichelewesha kuitoa inakuwa ngumu inakatika vipande vipande, unalipa tena kuibandua. Rangi ya gari ikibadilika sehemu nyingi inabidi usajili urekebishwe na bima wajulishwe. Fanya hivi ukiwa na magari kadhaa yanayofanana, hapo inaanza kuleta maana.

Bendera za upepo na taa za juu ya paa sijaziweka kabisa, kwa kazi hii hazikupi mteja.

Ukishaamua, chukua faili la dizaini lenyewe, lile la vekta ambalo linakuzwa bila kuchoka, siyo picha tu ya WhatsApp, ili gari la pili lifanane na la kwanza hata ukihama fundi. Likishabandikwa lisioshwe siku kadhaa gundi ishike, na mashine ya presha ukae nayo mbali na kingo za stika, angalau sentimita 30. Ila lioshwe, tena mara kwa mara, maana gari chafu lililoandikwa USAFI linakutangaza vibaya. Na kama unabeba funguo za wateja usiziache ndani ya gari lenye maandishi hata dakika tano, kila mtu anajua humo kuna nini.